Lugha ya Maelezo ya Picha za Kale: Reli, Majengo na Maisha ya Jamii kutoka Juba hadi Kibera

Ikisiri

Picha za katikati ya karne ya 20 zinazoonyesha reli, meli za mtoni, majengo na maisha ya watu katika Sudan Kusini na nchi jirani zinaendelea kuingizwa katika hifadhi za kidijitali. Hata hivyo, maelezo mengi yanayoambatana na picha hizo yamebaki katika Kiingereza cha watawala na watafiti waliozipiga. Makala haya yanaeleza jinsi lugha ya maelezo inavyoamua nani ataweza kuitafuta picha, kuipata na kuitambua kuwa yake. Kwa kutumia mifano ya Juba, Atbara, Kibera na milima ya Appalachia nchini Marekani, makala yanabainisha kwamba tafsiri ya neno kwa neno haitoshi, na wakati mwingine huficha yale iliyopaswa kufichua. Yanapendekeza maelezo ya tabaka tatu, ambamo Kiswahili kinaongezwa juu ya majina na ushuhuda wa wahusika bila kuchukua nafasi yake.

1.0 Utangulizi

Atlabara ni eneo la makazi katika jiji la Juba, lililogawanywa katika sehemu za A, B na C. Jina lake ni amri kamili katika Kiarabu cha mazungumzo: itla bara, yaani "toka nje". Asiyejua Kiarabu wala Kiarabu cha Juba huliona kuwa jina tu kama majina mengine. Anayekijua husikia amri hiyo, na papo hapo huuliza ni nani aliyeambiwa atoke, alitolewa wapi na kwa sababu gani. Hivyo, picha ya kale ya mtaa huo ikiandikwa "Atlabara, Juba" inabaki na swali la kihistoria ndani yake. Ikiandikwa "makazi ya Waafrika, Juba", swali hilo linafutika, ingawa picha ni ile ile na watu walioonyeshwa ni wale wale.

Mfano huu mdogo ndio msingi wa hoja ya makala haya. Picha haijielezi yenyewe. Hueleweka kupitia maneno yaliyoandikwa chini au nyuma yake, na tangu hifadhi zilipoingia katika kompyuta, maneno hayo yamepata kazi ya pili: ndiyo yanayotumika kuitafuta. Mashine ya utafutaji hutafuta maneno yaliyosajiliwa pamoja na picha. Neno lisiloandikwa halipatikani, na mtu ambaye jina lake halikuandikwa hawezi kupatikana na wajukuu wake hata kama sura yake iko wazi kabisa.

Suala hili lina uzito wa kisera. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 inaitambua lugha ya Kiingereza kuwa lugha rasmi na lugha zote za asili kuwa lugha za taifa. Wakati huohuo, Kiarabu cha Juba kinaendelea kuwa lugha ya soko na mtaa, na Kiswahili kinasikika kwa wafanyabiashara, madereva na wale waliorejea kutoka uhamishoni Kenya na Uganda. Swali ni lugha ipi kati ya hizo itakayotumika kueleza kumbukumbu za picha, na kwa utaratibu gani.

2.0 Njia mbili za usafiri, hifadhi mbili za picha

Ili kuelewa mtawanyiko wa picha hizo ni lazima kwanza kueleza mtawanyiko wa njia za usafiri. Juba haikuwahi kufikiwa na reli. Reli ya Sudan ilitoka kaskazini, ikapitia Babanusa na kufika Wau mwanzoni mwa miaka ya 1960. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931. Tawi lake la kaskazini lilifika Pakwach, kando ya Mto Naili, mwaka 1964. Kati ya Wau na Pakwach halikutandikwa taruma hata moja. Na hata kama njia hizo zingekutana, mabehewa yasingeweza kuvuka kutoka njia moja hadi nyingine, kwa kuwa reli ya Sudan ina upana wa milimita 1,067 na ile ya zamani ya Afrika Mashariki ina milimita 1,000.

Pengo hilo lilizibwa na mto na barabara. Msafiri wa miaka ya 1950 aliyetoka Mombasa kwenda Khartoum alisafiri kwa treni, gari na meli za Ziwa Albert na Naili hadi Nimule. Hapo meli ilisimama kwa sababu ya maporomoko ya Fola. Alichukua gari hadi Juba, kisha akapanda meli nyingine ya mvuke kuelekea kaskazini hadi Kosti, ambako aliikuta reli ya Sudan. Kwa hiyo mahali ambapo miji mingine ina stesheni, Juba ilikuwa na bandari ya mtoni na barabara ya Nimule, na hapo ndipo pa kutafuta picha za kuagana, kupokeana, kupakia mizigo na kusubiri.

Hifadhi za picha zilifuata njia hizohizo. Picha nyingi za maofisa wa Sudan zilikwenda kaskazini na hatimaye Uingereza, ambako Chuo Kikuu cha Durham kilianzisha hifadhi yake ya Sudan mwaka 1957. Picha za watafiti wa jamii ziliishia katika Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Humo mna kazi za E. E. Evans-Pritchard kutoka kwa Wazande na Wanuer, za Godfrey Lienhardt kutoka kwa Wadinka, na za Jean Buxton aliyeishi na Wamandari mwanzoni mwa miaka ya 1950. Upande wa kusini, kumbukumbu za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, zilibaki katika nchi zilizokuwa wanachama wake, na Makumbusho ya Reli ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971. Juba yenyewe ilibaki na kidogo. Hata nyaraka zake za serikali zilihifadhiwa kwa muda ndani ya hema kabla ya kupatiwa jengo.

Matokeo yake ni kwamba safari moja ya mtu mmoja imegawanyika katika hifadhi zisizozungumza. Upande wa kaskazini chombo cha mtoni huitwa babur, neno la Kiarabu cha Sudan lililotokana na jina la mvuke katika lugha za Ulaya. Upande wa kusini huitwa meli, neno ambalo Kiswahili kililipata kutoka neno la Kiingereza lenye maana ya barua za posta, kwa sababu ndizo meli hizo zilizokuwa zikizibeba. Mtafutaji anayeandika neno moja hapati picha zilizoelezwa kwa neno jingine, na mara nyingi hapati kwa lolote kati ya hayo mawili, kwani maelezo yako katika Kiingereza.

3.0 Injini yenye jina na mtu asiye na jina

Picha za reli za katikati ya karne ya 20 zina tabia inayojirudia. Mwaka 1955 na 1956 reli ya Afrika Mashariki ilipokea injini 34 za mvuke za daraja la 59, zilizotengenezwa na kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester. Zilikuwa miongoni mwa injini kubwa zaidi za mvuke zilizowahi kutembea katika reli ya upana wa mita moja, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Injini namba 5918, Mount Gelai, bado inaonekana katika makumbusho ya Nairobi. Mpenzi wa reli aliye mahali popote duniani anaweza kujua namba yake, kiwanda chake na umri wake.

Mchocheaji wa moto aliyesimama kando ya injini ya namna hiyo mara nyingi hana chochote kati ya hivyo. Maelezo humtaja kwa kazi yake, au kwa rangi yake, au hayamtaji kabisa. Kukosekana kwa jina lake hakukusababishwa na ugumu wa kulipata. Alikuwa na namba ya kazi, alipokea mshahara kwa kutia saini au dole gumba, na wenzake walimwita kwa jina kila siku. Jina halikuandikwa kwa sababu aliyepiga picha hakuliona kuwa sehemu ya habari.

Kwamba jambo hili si la lazima linaonekana katika mfano wa mbali. Kati ya mwaka 1955 na 1960, mpigapicha O. Winston Link alipiga picha za treni za mwisho za mvuke za kampuni ya Norfolk and Western katika milima ya Appalachia, hasa Virginia na West Virginia. Picha yake mashuhuri ya mwaka 1956, iliyopigwa katika mji mdogo wa Iaeger, inaonyesha treni ikipita usiku nyuma ya uwanja wa sinema ambamo watazamaji hukaa ndani ya magari yao. Vijana wawili walio katika gari la mbele, watu wa kawaida tu, wanajulikana kwa majina hadi leo. Link alirekodi hata sauti za treni, na tangu mwaka 2004 kazi yake ina makumbusho yake katika mji wa Roanoke. Ni kweli kwamba alikuwa mtu wa nje akiwapiga picha wakazi wa eneo ambalo nchi yake ililidharau kuwa maskini. Lakini aliwaona wakazi hao kuwa sehemu ya habari ya reli, na kwa hiyo wazao wao wanaweza kuwatafuta na kuwapata.

Mfano wa karibu zaidi uko Atbara, makao makuu ya reli ya Sudan, mji usiopaswa kuchanganywa na Atlabara ya Juba ingawa majina yanakaribiana kiasi cha kuweza kumchanganya msajili asiye makini. Hapo Rashid Mahdi alikuwa na studio yake katikati ya karne hiyo, akiwapiga picha wakazi wa mji wa reli walivyotaka kuonekana: wamevaa vizuri, pamoja na familia zao. Katika studio mpigwa picha ndiye mteja. Alikuja kwa hiari yake, alilipa, akaondoka na nakala. Tofauti kati ya picha ya studio na picha ya ofisa iko katika uhusiano huo, na mwandishi wa maelezo ana wajibu wa kuiweka wazi.

4.0 Kwa nini tafsiri peke yake haitoshi

Mtu anaweza kudhani kwamba tatizo litakwisha maelezo ya Kiingereza yakitafsiriwa kwa Kiswahili. Mifano minne inaonyesha sivyo.

Wa kwanza ni neno "native", lililojaa katika maelezo ya enzi hiyo. Tafsiri ya kawaida ni "mwenyeji". Lakini mwenyeji katika Kiswahili ni mwenye mji, mtu mwenye haki ya kumkaribisha mgeni. Neno la Kiingereza la wakati huo lilibeba maana ya mtu aliye chini ya sheria tofauti, asiye na haki hiyo hata kidogo. Tafsiri hii inageuza dharau kuwa heshima, na msomaji wa leo anadanganywa kwa nia njema.

Wa pili ni majina ya kazi. "Boi", "kuli" na "mpagazi" ni maneno yaliyomo katika Kiswahili, lakini kila moja lina historia yake. Mpagazi ni neno la misafara ya bara, na hapo kale kazi hiyo ilikuwa na sifa yake. Kuli ni neno lililosafiri kutoka Asia hadi bandarini. Boi aliweza kuwa mzee wa miaka 50 mwenye wajukuu. Kuyatumia bila maelezo ni kurudia matusi, na kuyaondoa ni kuficha kwamba matusi hayo yalitolewa.

Wa tatu ni majina ya jamii. Watu ambao maelezo huwaita Wadinka hujiita Jieng, Wanuer hujiita Naath, na Washiluki hujiita Chollo. Mkutano wa Lugha wa Rejaf, uliofanyika mwaka 1928 kusini kidogo mwa mahali ilipo Juba, uliteua lugha za kuandikiwa vitabu vya shule, zikiwemo Kibari, Kidinka, Kinuer, Kishiluki, Kilotuko na Kizande, na ukaweka misingi ya tahajia. Hata baada ya hapo maofisa waliendelea kuandika majina ya watu na mahali kila mmoja kwa sikio lake, hata jina moja la mahali likapata tahajia tatu au nne katika hifadhi tofauti.

Wa nne ni majina ya makazi. Nyumba za wafanyakazi wa reli jijini Nairobi ziliitwa landi, neno lililokuja na Wahindi walioijenga reli na ambalo bado linasikika katika jina la Landimawe. Juba nayo ina Malakia, jina linalotokana na neno la Kiarabu lililowatofautisha raia na wanajeshi. Majina haya yanaeleza nani aliishi wapi na kwa mamlaka ya nani. Kuyatafsiri yote kuwa "makazi ya wafanyakazi" ni kutupa habari iliyokuwa imehifadhiwa bure na lugha yenyewe.

5.0 Kibera: picha, jina na haki

Uzito wa jambo hili unaonekana wazi zaidi Kibera. Wanubi wa Kenya ni wazao wa askari waliotokana na jeshi la Emin Pasha katika jimbo la Equatoria, ambalo sehemu yake kubwa leo ni Sudan Kusini. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwachukua wengi wao kwenda Uganda, na baadaye wakatumika katika jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki. Lugha yao, Kinubi, ni ndugu wa Kiarabu cha Juba. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga rasmi ardhi ya Kibera kwa ajili ya askari hao. Jina la mahali hapo linatokana na neno la Kinubi kibra, yaani msitu.

Reli ya kwenda Kisumu hupita katikati ya Kibera, na pengine hakuna kipande cha reli Afrika Mashariki kinachopigwa picha zaidi ya hicho. Maelezo karibu yote hutaja umaskini na msongamano. Ni machache yanayotaja msitu, na machache zaidi yanayotaja kwamba jina la mahali hapo lilitoka juu ya mto, katika nchi ileile ilipo Atlabara.

Kwa Wanubi, pengo hilo si la kitaaluma tu. Kwa miongo mingi walihesabiwa kuwa wageni, na vijana wao walipata shida kupata vitambulisho. Mwezi Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki za watoto wa Kinubi kuhusu uraia. Mwaka huohuo mpigapicha Greg Constantine alichapisha kitabu kinachoweka picha za kale za familia za Wanubi kando ya picha za sasa. Mwaka 2017 jamii hiyo ilipewa hati ya ardhi ya ekari 288. Kwa jamii inayoambiwa haina kwao, picha ya arusi yenye tarehe, mahali na majina ina kazi kubwa kuliko kukumbusha furaha ya siku ile.

Sudan Kusini haiko mbali na hali hiyo. Sheria yake ya Uraia ya mwaka 2011 inazingatia mahali walikozaliwa wazazi, babu na hata mababu wa mwombaji, au kuwa kwake mmoja wa jamii za asili za nchi hiyo. Watu wengi waliopoteza nyaraka katika vita hawana cha kuonyesha isipokuwa neno la mzee anayewafahamu. Na wazee hao wanapungua. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1955 alitimiza miaka 90 mwaka 2025. Karatasi ya picha, ikitunzwa vyema, itadumu baada yake. Anayeweza kusema "huyu ni fulani, mwana wa fulani" hatadumu.

6.0 Maelezo ya tabaka tatu

Kutokana na hoja hizo, makala haya yanapendekeza kila picha iwe na maelezo ya tabaka tatu yanayosomeka pamoja.

Tabaka la kwanza ni maelezo ya awali, yakinukuliwa kama yalivyo pamoja na makosa na dharau zake, jina la aliyeyaandika na tarehe. Maelezo hayo ni sehemu ya historia ya picha, na kuyasafisha ni kuharibu ushahidi.

Tabaka la pili ni ushuhuda wa watu wa mahali hapo, katika lugha yao. Picha zipelekwe Malakia, Kator, Atlabara, Terekeka na Wau, zionyeshwe kwa wazee, na sauti zao zirekodiwe. Jina la mtoa habari liandikwe akiridhia. Wazee wakitofautiana, kauli zote mbili zihifadhiwe. Kazi hii ndiyo inayopaswa kutangulia katika bajeti. Vifaa vya kunakili picha vinaweza kununuliwa mwaka ujao, lakini ushuhuda wa mtu wa miaka 90 hauwezi kuahirishwa.

Tabaka la tatu ni maelezo ya Kiswahili sanifu, yenye istilahi zilizokubaliwa. Kwa reli, istilahi hizo zipo tayari na zimezoeleka: garimoshi, behewa, stesheni, taruma, kichwa cha treni. Kinachohitajika ni orodha moja inayoziunganisha na visawe vyake katika Kiarabu cha Juba na Kiingereza, ili anayetafuta meli aipate pia babur. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyopo Zanzibar ndiyo yenye mamlaka ya kuratibu kazi hiyo kati ya nchi wanachama.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Kiswahili nacho ni lugha kubwa, na kwa Mmandari au Mbari kinaweza kuwa lugha nyingine ya wageni inayokuja kumwita kwa jina lisilo lake. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo sababu mpangilio wa tabaka una umuhimu: Kiswahili kije baada ya ushuhuda, kiutegemee, na kisiandike jina ambalo mwenye jina hakulitaja.

Aidha, zipo picha zisizopaswa kuwekwa wazi kwa kila mtu, kama zile za miviga, za maiti, au za watu waliopigwa picha bila ridhaa katika hali ya kudhalilisha. Vilevile, jina la mtu au la mahali linaweza kutumiwa vibaya katika migogoro ya ardhi. Uamuzi wa kuzifungia picha hizo uwe mikononi mwa jamii husika pamoja na wahifadhi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba thamani ya picha za kale hutegemea maneno yanayoambatana nazo, na kwamba maneno hayo huchagua nani aingie katika historia akiwa na jina. Reli mbili zilizoelekea Sudan Kusini hazikukutana, na hifadhi za picha zilizozifuata bado zimetengana. Kuziunganisha hakuhitaji kutandika taruma jipya. Kunahitaji orodha ya istilahi, kinasa sauti, na watafiti watakaokaa na wazee wa Juba na Kibera wakiwaonyesha picha moja baada ya nyingine na kuuliza swali ambalo mpigapicha hakuuliza: huyu anaitwa nani?